Malkia wa Rimoti Nyuma ya Pazia

Ting!

Ndivyo simu ilivyolia wiki iliyopita tukaishiwa na nafasi, na najua wapo walionisema vibaya mpaka leo. Haya, tuendelee. Kwa aliyekuwa safarini, ni hivi: Fundi wetu wa cherehani, mjane mpole ambaye mtaani hawezi hata kumfukuza kuku, ana jina la pili. Kwenye kundi la simu la wapenzi wa tamthilia ya *Nyumba ya Saa Nyingi* anaitwa Sindano Butu, na huko ulimi wake hukata kama mkasi uliotoka kunolewa.

Huko huko anaye adui, Malkia wa Rimoti. Tangu mhusika wanayemwita Bwana Saa aanguke ngazini akafa, kundi limegawanyika: Wenye Leso, wanaomlilia mchana na usiku, na Macho Makavu, wanaosema ni igizo tu, jamani, tukalale. Malkia anaongoza leso. Sindano Butu anaongoza ukavu. Wametukanana mwezi mzima bila kujuana sura.

Basi Fundi alikuwa ametoka kutuma tusi kali kuliko yote aliyowahi kuandika. Hapo hapo simu ikalia nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Na nyuma ya pazia alikuwapo mtu mmoja tu. Wifi yake.

"Ni bahati mbaya tu," Fundi alijiambia. "Simu zote hulia ting."

"Mshenzi huyu!" sauti ikanguruma kule nyuma. "Wifi! Wifi, hebu njoo usikie alichoniandikia kiumbe huyu!"

Bahati mbaya ikafa pale pale, wala haikuzikwa.

Pazia likavutwa. Wifi akatokea akiwa ndani ya gauni lenye mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa bado mezani. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wa Fundi, mwanamke mrefu, mkuu wa jiko la hospitali, na ukimsikia akiomba chumvi utadhani anatangaza vita. Gauni lilikuwa la harusi ya binti yake.

"Sikiliza," akasema, akaisogeza simu mbali na macho. "'Malkia, acha kumlilia mtu wa kwenye kioo. Nenda kalie wafu wako wa kweli, kama unao.' Umesikia, wifi? *Kama unao!*"

Fundi alisikia. Alilisikia kila neno likimrudia kama mate yaliyotemwa juu.

Maana mfu wa Wifi alimjua. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe. Na mtu huyo huyo, msomaji, ndiye aliyemwacha Fundi mjane. Matusi yote ya mwezi mzima yalikuwa yanapita juu ya kaburi moja.

"Mbona umekuwa hivyo?" Wifi aliuliza. "Umeona jini?"

"Nimemeza pini," Fundi alisema. Halafu, alipoona Wifi anataka kuita watu, "Nilitaka kumeza. Sijameza."

Usimcheke. Ndugu wengine wa mume walitawanyika baada ya msiba kama wageni chai inapokwisha. Aliyebaki kuugonga mlango wa Fundi alikuwa Wifi peke yake, na hata yeye alikuja kwa visingizio: leo kifungo kimelegea, kesho zipu imegoma. Hawakuwa na mazungumzo marefu. Lakini alikuja. Akijua Sindano Butu ni nani, hata vifungo vitaacha kulegea.

"Panda kwenye kigoda nimalize pindo," Fundi alisema haraka. "Inua mikono. Usitikisike, pini zitakuchoma."

Alidhani amepata ujanja. Mteja akishapandishwa kigodani na kuzungushiwa pini, ni mateka. Hawezi kuinama wala kugeuka, na simu haigusi.

"Basi niandikie wewe," Wifi alisema kutoka juu, akamwangushia simu mikononi. "Mikono yangu si umeifunga? Andika hivi: Wewe, Sindano Butu…"

Hapo ujanja ukamgeukia mwenyewe.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"…nesi usiye na huruma…"

"Nesi?"

"Si anajiita sindano? Huyo ni nesi. Nafanya kazi hospitali, hao nawajua. Wanakuchoma huku wanachungulia dirishani."

Fundi, mwenye tepu shingoni, pini mdomoni na kikopo cha sindano mapajani, aliitikia kwa kichwa kwamba hakika, manesi ni watu wabaya.

"…moyo wako ni wa bati, mvua ikinyesha unapiga kelele tu. Na umeme ukukatikie kila siku ya sehemu ya mwisho, wewe na wajukuu zako na vitukuu."

"Wifi, hiyo ni laana."

"Ni dua, nimeigeuza tu upande. Andika!"

Fundi aliinamia kioo cha simu ya Wifi. Vidole vyake vilivyozoea kutunga uzi bila kuangalia vikaanza kutafuta herufi moja moja. Tusi hakuliandika. Aliandika: *Ahsante. Naona na wewe umepitia mengi. Pole sana.* Akatuma.

Mezani, chini ya ule mkono wa gauni, simu yake mwenyewe ikaanza kutetemeka. Ilikuwa imeegemea kikopo cha vifungo. Vifungo vikacheza ngoma.

Fundi alirukia cherehani akakanyaga pedeli kwa nguvu zote. *Tarararararara!*

"Unashona nini?" Wifi akauliza.

"Naizungusha tu. Ikikaa inakaza."

"Imekaza sasa hivi?"

"Ni ya zamani, wifi."

Simu ikatulia, naye akatulia. Jasho lilimtoka mpaka tepu ikamgandia shingoni.

"Umetuma kama nilivyosema?"

"Nimetuma kwa… ufupi."

"Vizuri. Matusi mafupi ndiyo yanayoingia." Wifi alishusha pumzi, pini zikapanda na kushuka naye. Kwa muda hakusema kitu, na Fundi akapiga magoti kwenye pindo akidhani limepita.

Halafu, kwa sababu ukimya ule ulimtisha kuliko kelele, akauliza swali ambalo Sindano Butu angelicheka. "Kwani wifi, huyo Bwana Saa ana nini hata umlilie hivyo? Yule mwigizaji alianguka, akainuka, akajifuta vumbi, akaenda kwake kula."

"Unaitazama na wewe?"

"Huwa… naisikia nikiwa nashona."

"Basi kama unasikia, hujasikia anavyokohoa?" Sauti ya Wifi ilikuwa imeshuka. "Kila akifika nyumbani, anakohoa mlangoni kwanza. Nyumbani kwake mwenyewe! Kama mgeni anayeomba njia. Nani mwingine ulimjua anakohoa kabla ya kuingia kwake?"

Pini ikabaki hewani.

Fundi alimjua. Alimsikia miaka yote ya ndoa yake, kikohozi kimoja kidogo cha adabu, kisha kitasa. Aliwahi kumwuliza, "Kwani unahofia kumkuta nani humu?" Akajibu, "Nakupa nafasi ya kutabasamu." Ndiyo maana kila Bwana Saa alipotokea kwenye runinga, Fundi aliinamia sindano asinyanyue kichwa. Na alipokufa kwenye igizo, kundi zima likalia, yeye aliona kama wamemwibia kitu chake wanakigawana njiani. Ndipo akaandika: ni igizo tu.

"Siku tuliyomzika sikulia," Wifi aliendelea, akiwa ameinua mikono yake vile vile kama mtu aliyekamatwa. "Uliona?"

"Ulikuwa na kazi nyingi."

"Nilikuwa na masufuria. Kila aliyenikaribia aliniambia jikaze, wewe ndiye mkubwa, wageni hawajala. Nikajikaza. Nilijikaza, wifi yangu, mpaka nikasahau fundo nililifunga wapi. Ndipo mwezi uliopita mzee wa watu kaanguka ngazini kwenye runinga, nimelia mimi, binti yangu alitaka kuniita gari la wagonjwa."

Fundi alifumbua mdomo. Safari hii alitaka kusema. Naapa alitaka, msomaji, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Ting. Ting. Ting-ting-ting-ting.

Simu ya Wifi iliwaka moto. Ya Fundi ikadunda mezani. Mlango wa duka ukafunguliwa kwa teke, akaingia mpiga pasi wa chumba cha pili, mwanakundi na mtu pekee mtaani anayeijua siri ya Fundi, yule anayeitwa Mvuke kwa sababu hutangulia kufoka kabla hujamgusa.

"Fundi! Fundi weee! Umeshinda!" Alikuwa ameinua simu juu kama kombe. "Malkia kasalimu amri! Kakupa pole mbele ya kundi zima! Wenye Leso wamechanganyikiwa. Mmoja anasema Malkia kafa. Mwingine anasema simu yake imeibwa na mtu mwenye adabu! Sindano Butu, nipe mkono…"

Akaona kigoda. Akapandisha macho taratibu, kutoka kwenye pindo lenye pini mpaka kwenye uso uliokuwa juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Wifi alisema. "Sindano Butu ni nani?"

Mvuke alimtazama Fundi. Fundi alitazama sakafu. Mvuke akanusa hewa.

"Nimeacha pasi juu ya suruali ya mtu," akasema, akatoweka. Na kweli, harufu ikafuata. Lakini ya suruali ile si hadithi ya leo.

Wifi alinyoosha kiganja. Fundi akampa simu. Wifi akasoma yale ya ahsante na pole, akasoma mara ya pili, midomo ikitembea. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomwogopesha Fundi.

"Nitoe pini."

Fundi akaanza kuzitoa, moja moja, akizichomeka kwenye kimto cha pini alichokifunga mkononi. Alizunguka upande wa kushoto, akazunguka mgongoni. Alijua gauni hili litavuliwa, litakunjwa, litapelekwa kwa fundi mwingine, na harusini yeye atapewa kiti cha nyuma pamoja na majirani.

"Wifi, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Ungejua, ungesema nini?"

"Nisingesema kitu."

"Ndiyo hicho." Wifi alikuwa anaangalia ukutani. "Ndicho tulichokuwa tunaambiana, mimi na wewe, tangu msiba. Wifi, kifungo kimelegea. Haya wifi, nitakikaza. Basi, naondoka. Sasa angalia. Kumtukana mtu nisiyemjua nimeweza kila siku, kurasa kwa kurasa. Kukuuliza wewe kama unalala usiku, nimeshindwa."

"Silali," Fundi alisema.

"Najua. Sindano Butu anajibu matusi saa za wachawi."

Fundi nusura acheke, akajizuia.

"Na mimi nilikuandikia nini juzi? Nikumbushe."

"Nimesahau."

"Muongo wewe. Niliandika: *wewe hujawahi kufiwa, ndiyo maana huna machozi*. Niliona nimekupiga vizuri, nikaenda kunywa chai." Kidevu cha Wifi kikaanza kutikisika. "Nimemwandikia hivyo mke wa mdogo wangu."

Wifi akashuka bila kuangalia. Akakaa kwenye kigoda.

Akaruka.

Zilikuwa zimebaki pini mbili, mahali ambapo mhariri hawezi kuruhusu nipataje. Wifi alitoa ukelele uliomrudisha Mvuke mpaka kwenye kizingiti, akaona mambo, akageuza. Na ukelele ule ulipoanza haukukoma. Ulianzia kwenye pini ukaenda mbali zaidi, ukapita masufuria na wageni na jikaze, ukamfikia mtu mmoja aliyekuwa akikohoa mlangoni. Wifi alilia kama anavyopika, kwa wingi, kwa sauti, bila kupima.

Fundi alimshika kiuno. Hakujua aseme nini, kwa hiyo naye akalia. Wenye Leso wangemwona siku ile, wangempa uenyekiti.

"Usifutie hapo!" akasema ghafla, katikati ya kwikwi. "Wifi, hiyo ni kola yako!"

"Utaifua."

"Ni lesi! Haifuliki!"

"Basi nitaenda harusini na kamasi zangu, wewe inakuuma nini?"

Wakacheka. Ukiniuliza nani alikuwa analia na nani anacheka, sitakwambia uongo, hata wao hawakujua.

Kwikwi zilipopungua, Wifi alivaa miwani, akaketi mahali salama, akaichukua simu. Safari hii aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kwa sauti kama anayeita wagonjwa:

"*Mimi Malkia wa Rimoti. Sijafa na simu haijaibwa. Sindano Butu si nesi, ni wifi yangu. Mume wake ni mdogo wangu, marehemu, fundi runinga wa hapa mjini, aliyekuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia kwake. Tumetukanana kwa sababu hatukumlilia pamoja. Jumapili ni sehemu ya mwisho. Tutaitazama kwa wifi. Mwenye machozi aje nayo. Asiye nayo aje na kiti.*"

"Kwangu?" Fundi alishtuka. "Wifi, mimi sina hata sebule!"

"Ndiyo maana nimesema waje na viti."

"Kundi lina watu mia tatu!"

"Hawatakuja. Hawa ni mashujaa wa vidole, miguu hawana." Akatuma.

Ting. *Nakuja.*

Ting. *Nakuja na mama yangu, tuna benchi.*

Ting. *Mimi ni Macho Makavu, nakuja lakini silii, msinilazimishe.*

Ting. *Nakuja, ila yule aliyeniita kichwa maji asikae mbele yangu, lazima ana kichwa kikubwa.*

"Nilimwita mimi," Fundi alinong'ona.

"Utakaa chini," Wifi alisema, ambaye sasa alikuwa anafurahi waziwazi. Walikuwa wameegemeana juu ya kioo kimoja, mmoja na gauni la mkono mmoja, mwingine na tepu shingoni, kama wasichana wanaosoma barua ya mwenzao.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa mtu asiye na picha wala jina. Alikuwa ndani ya kundi siku zote na hajawahi kuandika hata salamu.

Wifi alianza kuusoma kwa sauti. Katikati akamsogezea Fundi simu, naye akaumalizia.

"*Huwa nasoma tu. Mimi ndiye ninayeiandika tamthilia. Aliyemuua Bwana Saa ni mimi. Mmesema mkinipata mtanikaanga, ndiyo maana nikanyamaza. Lakini huyo fundi runinga namjua. Alikuwa akija kwangu kunitengenezea runinga yangu mbovu, anakohoa mlangoni, halafu tunazungumza mpaka chai inapoa. Nilimwandika yeye. Kikohozi ni chake, na vicheko, na yale maneno ya kumpa mke nafasi ya kutabasamu, yatakayosikika Jumapili. Niliposikia amefariki sikuwa ndugu, sikujua nimlilie wapi. Nikamwangusha Bwana Saa ngazini, nikalia na nyinyi. Naomba kuja. Kama bado mnataka kunikaanga, nitaelewa.*"

Hakuna ting. Hata Mvuke, chumba cha pili, hakusikika.

Wifi alivua miwani, akaifuta kwa lesi ya kola, na safari hii hakuna aliyemkataza.

"Wifi."

"Abee."

"Aliyesema atamkaanga alikuwa nani?"

"Ni wewe, wifi."

"Nilisema kwa mafuta?"

"Ulisema bila mafuta."

Wifi akatikisa kichwa polepole. "Na yule aliyesema atamshona mdomo asitunge tena?"

Fundi akachukua kikopo cha vifungo, akaanza kuvihesabu. Uzi wa ahadi hiyo aliutaja mpaka rangi.

Sasa maneno ya mumewe, aliyoambiwa yeye peke yake mlangoni mwao, yangesikika Jumapili kwenye kila nyumba yenye runinga. Hakujua kama ameibiwa au ametunziwa. Alitaka kumchana yule mtu vipande, na alitaka kumketisha mbele yake amwulize: alisema nini kingine? Chai ikipoa, alikuwa anasema nini kuhusu mimi?

"Mjibu wewe," Wifi alisema, akamwekea mkono begani. "Huyu ni wako. Mimi utakaloandika nitaligongea muhuri."

Fundi akaifunua simu yake kutoka chini ya mkono wa gauni. Akaandika *Karibu*. Akafuta. Akaandika *Umethubutuje*. Akafuta. Akafuta jasho la vidole kwenye sketi, akaanza upya.

Na katika nyumba mia tatu, wenye leso na wenye ukavu, wote walikuwa wameshika simu zao wakiangalia mstari mmoja unaotokea na kupotea juu ya kioo: *Sindano Butu anaandika…*